Kitabu Kwanza

Huku kwetu Kisaka, wilayani Serengeti, wiki ya shule ya msingi huanza kwa matangazo mara mbili. Kwanza ni yale ya paredi, ya wanafunzi: usafi, uji, timu ya mpira, waliochelewa. Kisha watoto huingia madarasani na sisi walimu tunabaki ofisini kama robo saa, wengine tumesimama, wengine chaki tayari mkononi, na mwalimu mkuu anafungua daftari lake atusomee ya kwetu. Maandalio ya masomo yafike mezani kwa mwalimu wa taaluma kabla ya Ijumaa. Afisa Elimu Kata atapita Jumatano. Takwimu za mahudhurio zinatakiwa wilayani Mugumu leo kabla ya saa sita. Mahindi ya uji yamebaki magunia mawili, kila mwalimu wa darasa awakumbushe wazazi. Vishikwambi vichajiwe, kuna fomu ya kujaza. Zamu ya wiki hii ni ya Mwalimu fulani na Madamu fulani. Halafu, daftari likiwa limeshaanza kufungwa, linakuja la mwisho: "Na kuhusu viboko, jamani, taratibu mnazijua."

Tunaitikia, "Tunazijua, mkuu," na tunatoka.

Nimelisikia tangazo hilo la mwisho kwa miaka mingi. Kuna kipindi nilikaimu ualimu mkuu, nikawa nalisoma mwenyewe, kwa maneno hayohayo na kwa haraka ileile. Leo nataka nilizungumzie hilo peke yake. Lipo tukio la kweli ambalo kila nikilikumbuka naona lingeweza kutokea katika ofisi yetu, tena nikiwa ndani.

Tarehe 27 Agosti 2018 ilikuwa Jumatatu. Shule za msingi nchi nzima zilikuwa katika pilikapilika za mwisho za mtihani wa darasa la saba, ambao mwaka huo ulifanyika tarehe 5 na 6 Septemba. Ng'ambo ya ziwa, katika Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, mwalimu mmoja wa Shule ya Msingi Kibeta alifika kazini kwa bodaboda akiwa na mizigo yake. Wanafunzi wakampokea, kama wanafunzi wetu wanavyotupokea kila asubuhi. Baadaye alipoitafuta pochi yake hakuiona. Shaka ikamwangukia mtoto wa kiume wa darasa la tano, mwenye umri wa miaka 13. Mtoto akafikishwa kwa mwalimu wa nidhamu, akachapwa. Siku hiyohiyo akafariki dunia.

Pochi haikuwa imeibwa. Ilikuwa imebaki kwa dereva wa bodaboda, naye akairudisha.

Walimu wawili walishtakiwa kwa mauaji. Tarehe 6 Machi 2019 Mahakama Kuu iliyoketi Bukoba ilimtia hatiani mwalimu wa nidhamu na kumhukumu adhabu ya kifo kwa kunyongwa. Mwalimu mwenye pochi aliachiwa huru. Majina yao wote yaliandikwa magazetini wakati ule, lakini hapa sitayataja. Mtoto yule ana wazazi na ndugu, na walimu wale nao wana familia zilizobaki na majina hayo mtaani.

Habari ilipotufikia tuliijadili siku mbili tatu. Nakumbuka jinsi tulivyoijadili, na ndipo ninapopata wasiwasi. Karibu kila mmoja wetu alisema, "Yule alizidisha." Maana yake ni kwamba sisi hatuzidishi. Tukamweka yule mwalimu upande wa pili wa ukuta, upande wa watu wakatili, tukarudi darasani na fimbo zetu. Hakuna aliyesema tufungue kitabu cha adhabu cha shule yetu tuone mara ya mwisho kiliandikwa lini. Mimi pia sikusema.

Tuseme basi kinachotakiwa kuandikwa humo, maana tunasema tunazijua taratibu na sina hakika kama tunazijua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na kanuni za viboko tunazozifuata hadi leo zilitolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002. Angalia neno lenyewe: tangazo. Hilo nalo ni tangazo, limetoka juu likashuka wilayani, likafika kata, likaishia kuwa ile sentensi moja ya mwisho kwenye daftari la mwalimu mkuu. Ndani yake imeandikwa kwamba kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Kwamba adhabu ilingane na uzito wa kosa, na iangalie umri, jinsia na afya ya mtoto. Kwamba visizidi vinne kwa mara moja. Kwamba fimbo iwe nyepesi, na mahali pa kuchapa ni mkononi au makalioni juu ya nguo, basi. Kwamba anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini na mwalimu mkuu kwa maandishi. Kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina mwalimu wa kike. Na kwamba kila mara adhabu inapotolewa iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, kisha mwalimu mkuu atie sahihi.

Nimeyasoma masharti haya mara nyingi nikiwaza Kibeta. Mtu anaweza kuyaona kama urasimu tu, karatasi juu ya karatasi. Lakini ukiyatazama vizuri, karibu kila sharti linamchelewesha mwalimu. Kumtafuta mwalimu mkuu kunachukua muda. Kupata idhini ya maandishi kunachukua muda. Kufungua kabati, kutoa kitabu, kutafuta kalamu, kuandika kosa kwa sentensi inayoeleweka, yote ni muda. Na mtu mwenye hasira akilazimika kuandika "ameiba pochi", mkono wake utamwuliza swali ambalo mdomo haukuuliza: ameiba, au imepotea?

Siku ile Bukoba, wakati mtoto anachapwa, pochi ilikuwa mjini humohumo kwa dereva. Kilichohitajika ni kumtafuta mtu mmoja na kumwuliza neno moja. Kila nikifika hapa nashindwa kusonga mbele.

Sasa nizitaje ishara, kwa sababu zilikuwepo na nyingine zipo katika ofisi zetu leo asubuhi.

Ishara ya kwanza ni kwamba mlalamikaji alikuwa mmoja wetu. Mtoto akimshtaki mtoto mwenzake tunakuwa mahakimu wazuri kabisa. Tunasikiliza huku na huku, tunaita mashahidi, tunacheka kidogo. Lakini kitu cha mwalimu kikipotea, ofisi nzima inakuwa upande mmoja. Ni jambo la kibinadamu. Mshahara wa mwenzako unaujua, unajua pochi ile ilikuwa na nini mwezi huu, na unaona aibu kumwambia, "Dada, hebu tuanze na bodaboda." Kumwambia hivyo kunaonekana kama kumtetea mwizi. Hata mimi ningenyamaza, naogopa.

Ya pili, fimbo ilishika kazi ambayo si yake. Adhabu hutolewa kosa likishathibitika. Hapa hapakuwa na pochi mkononi mwa mtoto wala uthibitisho wowote. Fimbo ikianza kutumika kutafuta kitu kilichopotea haina mahali pa kusimama, kwa sababu mtoto asiyekuwa nacho hawezi kukitoa hata umpige vipi. Kila anapokana anaonekana sugu, na kila anapoonekana sugu anaongezewa. Viboko vinne vya kanuni vina mwisho. Kipigo cha kutafuta ukweli mwisho wake ni kitu kuonekana, na kitu hakipo.

Ya tatu inahusu mwalimu wa nidhamu mwenyewe. Shule nyingi zina mwalimu mmoja ambaye sote tunampelekea watoto. Mara nyingi ni mwanaume, mwenye sauti kubwa, watoto wakimwona kwenye veranda wanakimbia. Tunamsifu kwa hilo, na wazazi nao wanamsifu. Mzazi wa huku kwetu atakuja shuleni akwambie, "Mwalimu, huyu mtoto nimekuletea, mchape, niachie mifupa tu," na tunaichukua kauli hiyo kama kibali. Lakini mwalimu wa nidhamu anapokea kesi ambayo hakuiona mwanzo wake. Anachokipata ni hukumu iliyokwisha kukatwa na wenzake, naye anabaki mtekelezaji. Akiharibikiwa, jela anakwenda peke yake. Tukimpenda mwenzetu huyo, tusimtumie hivyo.

Na ishara ya nne ilikuwa ya nchi nzima. Oktoba 2016, miaka miwili kabla ya Kibeta, Watanzania walitazama kwenye simu zao picha ya video kutoka Shule ya Sekondari Mbeya Day, walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu, wengi kwa mmoja, ngumi na mateke. Serikali ikachukua hatua dhidi yao, sisi tukasikitika, na katika ofisi nyingi Jumatatu iliyofuata lilisomwa tangazo lile la mwisho kwa sauti iliyopanda kidogo. Wiki mbili baadaye sauti ilikwisha kushuka. Na hata Kibeta hakukutosha. Januari 2023, mkoa uleule wa Kagera, wilayani Kyerwa, ikasambaa video nyingine, safari hii mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Kakanja akiwachapa watoto kwenye nyayo. Mwalimu mkuu, yaani mtu yule ambaye kazi yake ni kutoa idhini na kutia sahihi kitabuni.

Ninajua tunavyojitetea, kwa sababu na mimi nimejitetea hivyo. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaja, jambo jema sana, lakini walimu hatukuongezeka kwa kasi ile. Ukiwa peke yako mbele ya watoto zaidi ya mia, wengine wamekaa chini, fimbo inaonekana ndiyo msaidizi pekee uliyenaye. Sikatai ugumu huo, ninao. Ila kutoka hapa kwetu hadi Sirari si mbali, na ukivuka mpaka pale unaingia Isebania, Kenya, ambako viboko vilifutwa shuleni tangu 2001. Ni watu wa damu moja na sisi, lugha moja, ng'ombe walewale, na madarasa yao yamejaa vilevile. Walimu wa kule nao wanahangaika, na wapo wanaovunja sheria hiyo. Lakini hakuna mwalimu wa kule anayeweza kusema fimbo ndiyo kazi yenyewe.

Naomba sasa nieleze jambo langu mwenyewe. Shule siitaji.

Ni miaka mingi imepita. Nilikuwa mwalimu wa zamu, na funguo za stoo ya chakula zilikuwa chini yangu. Asubuhi nilimpa kiranja mmoja wa darasa la sita afungue stoo, wapishi wachukue mahindi ya uji. Saa nne nikazihitaji funguo, hazipo. Nikamwita kijana. Akasema, "Nimempa mama mpishi." Nikamwuliza tena kwa ukali, akarudia vilevile. Nilimsikia kwa masikio, lakini akilini mwangu tayari nilikuwa naona gunia la mahindi likitoka usiku kupitia dirisha la nyuma. Mwenzangu mmoja akaongezea, "Kwao hao wanajulikana." Maneno hayo matatu yalitosha. Nikachukua fimbo juu ya kabati.

Mwalimu mkuu wetu wakati huo alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, karibu na kustaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akitusomea matangazo ya Jumatatu, na alikuwa na tabia ambayo sisi vijana ilituchosha: tangazo la viboko alilisoma la kwanza, kabla ya maandalio, kabla ya wageni wa wilayani, na alilisoma lote, sharti kwa sharti, kila wiki. Tulikuwa tunatazamana. Wengine walikuwa wanachelewa makusudi kuingia ili walikwepe.

Aliposikia sauti yangu akatoka ofisini kwake, akasimama mlangoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, kitabu kwanza."

Kitabu kilikuwa kwenye kabati la mwalimu mkuu msaidizi, na msaidizi alikuwa amekwenda zahanati na ufunguo wa kabati mfukoni. Nikamwambia mama, nitaandika baadaye. Akarudia, "Kitabu kwanza." Basi nikakaa. Kijana akasimama pembeni ya meza, anatetemeka. Tukamsubiri msaidizi, nusu saa labda, mimi nimenuna, naona nimedhalilishwa mbele ya mwanafunzi.

Mpishi alirudi kutoka kisimani, ndoo kichwani. Akaitua, akafungua pindo la kanga, akatoa funguo. "Mwalimu, hizi kijana alinipa nikaogopa kuziacha jikoni."

Sikumchapa mtoto yule. Nataka nisisitize jambo moja hapo, kwa sababu wasimuliaji wengine wangejisifia: haikuwa busara yangu. Busara haikuwepo. Kilichokuwepo ni kabati lililofungwa, na mama mmoja aliyekuwa amelisoma tangazo mara nyingi kiasi kwamba lilimtoka mdomoni lenyewe wakati sisi wengine tumelisahau. Miaka ilipopita nikasikia ya Kibeta, jambo la kwanza lililonijia halikuwa mtoto wala mwalimu. Ilinijia ile kanga.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaangalia matangazo yetu ya wiki kwa jicho jingine. Tumeyapanga kwa kufuata nani atatuuliza. Takwimu zinaulizwa na wilaya, kwa hiyo ni za kwanza. Maandalio yanaulizwa na mkaguzi, kwa hiyo ni ya pili. Mtoto hana ofisi, hapigi simu, haleti barua ya kujieleza, kwa hiyo jambo lake ni la mwisho, na la mwisho husomwa watu wakiwa wameshanyanyuka. Siku hizi mengi yanarushwa kwenye kundi la WhatsApp, tunajibu kwa kidole gumba bila kusoma hadi chini. Mwalimu mkuu anaona vidole kumi na viwili, anaamini ujumbe umefika.

Kwetu Mara lipo tangazo jingine linalokaa hapohapo chini, na siwezi kulipita. Ni lile la wiki ya kufunga shule, Desemba. Kila mwalimu wa Serengeti na Tarime anajua kwamba likizo ndefu ya mwaka wa namba shufwa ndiyo msimu wa ukeketaji kwa koo nyingi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kifungo chake huanzia miaka 5 hadi 15. Hata hivyo utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wetu wanawake 28 katika kila 100 wamekeketwa, wakati kitaifa ni 8. Na sisi tunaliwekea jambo hilo sentensi moja: "Wasichana wakumbushwe kuwa makini." Wawe makini namna gani, mtoto wa miaka 11, na anayemtoa ni shangazi yake?

Ishara huonekana darasani kabla ya shule kufungwa, kwa mwenye kutazama. Msichana aliyekuwa mchangamfu ananyamaza. Mwingine anazungumzia kanga mpya na zawadi anazoahidiwa. Mwingine anamwuliza mwalimu wa kike kama anaweza kubaki kwake likizo, anauliza kama mzaha, na mwalimu anajibu kama mzaha. Kwenye fimbo tunakosea kwa kuharakisha. Hapa tunakosea kwa kungoja: tutaona Januari, tunasema. Januari wengine hawarudi.

Msaada upo, tena karibu. Kuna nyumba salama Masanga, Tarime, na kuna nyumba salama Mugumu kwetu, ambazo zimepokea wasichana wengi waliokimbia, wengine kwa miguu usiku. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, na namba 116 ya kumsaidia mtoto inapigwa bure. Watu wa nyumba hizo walikutana na tatizo ambalo mwalimu yeyote wa kijijini atalielewa: simu inapigwa usiku kwamba mtoto yuko hatarini katika kitongoji fulani, na kitongoji hicho hakimo kwenye ramani yoyote. Ndiyo maana kuanzia 2015 watu wa kujitolea, wengi wakiwa nchi za mbali, waliungana na wenyeji kuchora ramani za vijiji vyetu, njia kwa njia, wapate kujua pa kupita. Mimi nilipolisikia hilo niliona haya kidogo. Wageni walikuwa wanatafuta kwenye picha za angani mahali ambapo sisi walimu tunapajua kwa majina ya wazazi.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, wakuu wa shule na wasaidizi wao, na ninyi mnaoandika matangazo kwenye kundi usiku wa Jumapili, nawaomba. Tuyapandishe haya mawili yawe juu ya takwimu. Tuyaandike na jina la mtu: kitabu cha adhabu kiko kwa nani wiki hii, na wasichana wa darasa la tano na la sita nani atakaa nao Alhamisi saa nane kabla ya kufunga, na atamwambia nani atakachokisikia. Tangazo lisilo na jina kila mtu anadhani ni la mwenzake. Tulisome lote, hata wenzetu wakitazamana. Yule mama alitazamwa miaka mingi.

Shuleni kwetu sasa kitabu hakikai kabatini. Kipo juu ya meza ya kati, kalamu imefungwa kwa uzi. Tulipokifungua upya tulipiga mistari ya safu zote zinazotakiwa na kanuni, jina, kosa, idadi, aliyechapa, sahihi, kisha tukaongeza safu moja ambayo kanuni haikuitaja, tukaiweka kabla ya ile ya idadi na kuipa nafasi kubwa kuliko zote: maelezo ya mwanafunzi. Anayeleta mtoto anaandika kwanza maneno ya mtoto, kama alivyosema, bila kuyarekebisha. Kuna mwenzetu aliona tunajiongezea kazi. Ni kazi kweli. Muhula huu kurasa nne zimejaa, na safu ya idadi ya viboko kwenye mistari mingi ina kistari tu.

Jumanne iliyopita nilikuwa zamu. Mtoto wa darasa la tatu aliletwa na mwalimu wake kwa mkebe wa hesabu wa mwenzake uliokutwa kwenye mfuko wake. Niliandika jina. Niliandika kosa. Nikamwuliza, akajibu kwa sauti ndogo sana, ikabidi niiname, na nikaandika kama alivyosema: "Sijaiba. Nimeazimwa na Bhoke wa darasa la nne, yupo, mumwulize."

Tukaenda kumwuliza.